Jambo Lisilo la Dharura

Nyumba za Hospitali, Namba 6
4 Februari

Babu, mdogo wangu,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Bado nakuita Babu ingawa umeanza kuota mvi, kwa sababu ulipewa jina la babu yetu na nyumbani hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya Baba. Tumezoea hivyo.

Baba hajambo, ila macho yanazidi kufifia. Sasa anachoona ni mwanga wa dirisha na sare yangu nyeupe, basi. Bunge likianza kutangazwa anaipakata redio mapajani, na akisikia karatasi zinafunuliwa karibu na kipaza sauti ananiambia, "Hizo ni za mwanangu." Miaka ishirini na minane ya ukalimani mahakamani imemfanya ashibe kwa kusikiliza watu wakibishana kwa adabu. Mchana yule mwalimu wa chekechea wa nyumba ya pili huja kumsomea gazeti. Ana mimba ya kwanza, anatarajia kujifungua mwisho wa Machi. Baba anamsahihisha matamshi, naye anamchokoza kwa kurudia makosa makusudi.

Sasa la kazini. Mashine yetu ya kutakasia vyombo vya upasuaji imekufa tangu Novemba. Vyombo tunavifunga kwenye vitambaa, vinapelekwa hospitali ya mkoa, safari ya saa mbili, vinarudi kesho yake. Gari likikosa mafuta tunavichemsha kwenye sufuria kubwa la wodi, lile la uji. Akina mama wanaopasuliwa wanarudi baada ya siku tano na mshono umevimba unatoa usaha. Mimi ndiye mkunga mkuu wa wodi, rejista naijaza mimi. Sitaki kukutia simanzi.

Baba anauliza, na mimi nauliza pia: mbunge akitaka Bunge lisimamishe mambo mengine lijadili jambo la dharura, anafanyaje? Na kama ana ushahidi wa maandishi, unapokewa na nani?

Barua zako namsomea Baba neno kwa neno. Ukiwa na la kwangu peke yangu, liandike kwenye karatasi ya pili.

Dada yako

* * *

Ofisi ya Meza, Bungeni
15 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Na Baba mwambie namwamkia kwa magoti yote mawili. Huku tu wazima. Wifi yako amehamishiwa darasa la sita na analalamika kwamba watoto wa siku hizi wana majibu kuliko maswali. Dari ya chumba chetu bado inavuja, na mwenye nyumba bado anasema atakuja Jumatatu.

Baba, umeuliza utaratibu. Mbunge huleta taarifa ya maandishi kwa Spika, saa mbili kabla ya kikao. Taarifa hiyo hupita kwetu, watu wa Meza. Tuko makarani wanne na Mkuu wetu, katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, na Mkuu wetu tunamwita Mama Kanuni bila yeye kujua, ingawa naamini anajua. Mmoja wetu huandika ushauri wa ukurasa mmoja: jambo linakidhi, au halikidhi. Spika anaweza kuutupa. Kwa miaka tisa niliyokaa hapa umetupwa mara mbili. Akikubali, anauliza wanaomuunga mkono mwenzao, na wabunge arobaini wakisimama, shughuli za siku zinawekwa kando.

Tunapima mambo matatu. Jambo liwe moja na bayana. Liguse umma. Na liwe limetokea karibuni. Hili la tatu ndilo linalowakwaza wengi. Mbunge anakuja na barabara iliyoharibika tangu yeye yuko chekechea, anasema ni dharura. Jambo likishakaa na watu hadi likapewa kiti na mto wake, Kanuni hazilihesabu kuwa la dharura, hata kama linauma.

Natumai Baba ameridhika.

Mdogo wako

Karatasi ya pili

Dada, nakujua. Hujauliza kwa ajili ya Baba. Faili lako lina barua ya onyo tangu mwaka juzi, ulipoiandikia Wizara bila kupitia kwa daktari mkuu. Mtumishi anayetoa kumbukumbu za wagonjwa nje ya hospitali anafukuzwa, hakuna onyo la pili, na nyumba mnayolala wewe na Baba ni ya hospitali. Waachie wengine waseme. Mimi nami nakuomba hivyo kwa sababu Mama Kanuni anastaafu Juni, na nimedokezwa kuwa naangaliwa kushika nafasi yake. Si wakati wa jina letu kutajwatajwa.

* * *

Nyumba za Hospitali, Namba 6
10 Machi

Babu,

Sisi tu wazima. Baba amepata kikohozi kidogo, nimempa dawa, anadai haina ladha kwa hiyo haifanyi kazi. Mwalimu wetu sasa anatembea kama anabeba ndoo kichwani. Nimemwambia kitanda chake kiko wodini kwangu, asihangaike kwenda mkoani.

Alhamisi tulikuwa sebuleni, mimi nimetoka zamu. Baada ya maswali tukamsikia mbunge wetu, huyu mama tunayemwita Kengele kwa sauti yake, akiomba Bunge liahirishe shughuli zake lijadili vifo na maradhi ya akina mama katika hospitali yetu. Niliongeza sauti. Spika akasema amepata taarifa yake, ameitafakari, naye ana uamuzi. Akausoma. Akasema mashine imeharibika tangu Novemba, kwa hiyo jambo si la karibuni, na kwamba jambo lililokwisha kupewa kiti na mto wake haliwezi kubisha hodi kama mgeni. Wabunge wakacheka. Kengele akabonyeza kipaza sauti tena, Spika akamwambia akae.

Baba alijipiga paja kwa furaha. "Hiyo lugha ni ya Babu," akasema. "Yule Spika hana maneno hayo. Umesikia? Mwanangu amesomwa na Spika."

Nikamwambia nimesikia.

Babu, nakuuliza mara moja tu, sitarudia. Ushauri ule uliandika wewe? Na viambatisho vya mbunge uliviona? Jibu kwenye karatasi ya pili.

Dada yako

* * *

Ofisi ya Meza, Bungeni
2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Bajeti inakaribia na tumezama kwenye makaratasi. Mwenye nyumba hatimaye alikuja, siku ya Jumatatu kweli, akaitazama dari kwa muda mrefu, akakubali kwamba inavuja, akaondoka. Wifi yako anakusalimu. Ametuma miwani mipya ya Baba ya kukinga jua kwa dereva wa basi, yule mwenye mwanya. Mwambie Baba kikohozi kisichodharauliwa ndicho kinachopona, kwa hiyo anywe dawa yake.

Kuhusu uamuzi wa Spika, Baba anajua kuliko mimi kwamba mahakama haiulizwi ilifikiaje hukumu. Meza nayo ni hivyo. Mwenye kuamua ni Spika, na jina linalobaki kwenye kumbukumbu rasmi ni lake. Bila shaka mbunge wenu atatafuta njia nyingine, maana njia zipo: swali, hoja binafsi, barua kwa Waziri.

Nitaandika zaidi kazi ikipungua.

Mdogo wako

* * *

Nyumba za Hospitali, Namba 6
13 Aprili

Babu,

Baba hajambo. Miwani imefika.

Bahasha yako niliipindua na kuikung'uta. Hakukuwa na karatasi ya pili.

Hii yangu Baba hajui kama naiandika. Mwalimu wa chekechea amefariki. Alishikwa na uchungu tarehe ishirini na tano Machi, mtoto akakaa vibaya, ikabidi apasuliwe. Siku hiyo gari halikuwa na mafuta. Vyombo vilichemshwa kwenye sufuria. Niliviopoa mimi kwa koleo, nikavipanga mezani mimi. Siku ya nne akaanza homa. Siku ya sita tukampeleka mkoani na siku ya tisa ametuacha. Mtoto ni wa kike, mzima, yuko kwa bibi yake. Mumewe ni seremala. Aliponiona koridoni alinishukuru kwa kujitahidi, nikashindwa kumtazama.

Nikuambie kwa nini nilishindwa. Mwisho wa Februari alitaka kwenda mkoani mapema, akae kwa shangazi yake asubiri huko. Begi alishalifunga. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, "Kaa hapa, mpaka mwisho wa Machi mashine itakuwa imefika." Nilisema hivyo kwa sababu nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Ule ukurasa wa rejista aliokuwa nao Kengele niliutoa mimi mwenyewe, majina nikayafunika kwa vipande vya karatasi, nikapiga nakala, nikampa ndani ya kadi ya kliniki ya mjukuu wake. Nilikuwa na hakika kwamba mtu yeyote mwenye akili timamu akiuona ukurasa ule, Bunge litasimama. Lilipokataa, sikurudi kumwambia aende.

Baba anauliza kila siku kwa nini mwalimu haji kusoma gazeti. Nimemwambia amejifungua, anapumzika. Huo ndio uongo wangu wa wiki hii.

Dada yako

* * *

Nyumbani, si ofisini
27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Safari hii hakuna karatasi ya kwanza. Usimsomee Baba. Au msomee, ukiona inafaa. Mimi sina tena haki ya kukuchagulia.

Ushauri niliuandika mimi.

Taarifa ya mbunge ililetwa saa moja kasoro robo asubuhi. Wenzangu walikuwa hawajafika, Mama Kanuni alikuwa anavua koti. Nilifungua bahasha nikaona nakala ya rejista, na kabla sijasoma neno nikaziona tarakimu zako za saba. Zimefungwa mkanda katikati, kama Baba alivyotufundisha. Nilijua mara moja. Kisha nikasoma. Kumi na moja walirudi na usaha. Wawili wana msalaba mbele yao, wote wawili Februari, wa mwisho siku nane tu kabla ya siku ile.

Mama Kanuni akaniuliza, "Unasemaje?"

Nikasema, "Halikidhi. Mashine imeharibika tangu Novemba."

"Na hivi vifo?"

"Vinatokana na mashine."

Akanitazama. Ana namna ya kutazama mtu kama anamsubiri akumbuke kitu. "Una hakika?"

Nikasema ninayo. Akasema, "Andika basi."

Alichokuwa anasubiri nikikumbuke nilikikumbuka, Dada. Kabatini kuna faili la kijani. Miaka sita iliyopita bomba la maji la mji fulani lilikuwa limepasuka kwa mwaka mzima, na siku watoto walipougua kwa wingi katika wiki moja, Spika wa wakati ule alikubali mjadala. Alisema chanzo kinaweza kuwa cha zamani na madhara yakawa mapya, na kinachopimwa ni madhara. Uamuzi ule niliupiga chapa mimi mwenyewe. Kabati liko hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Sikulisahau faili. Nililiacha.

Kisha nikaongeza aya ya mwisho, kwamba viambatisho virudishwe kwa mbunge kwa kulinda siri za wagonjwa. Kwa hiyo ukurasa wako haukuwekwa mezani, na hakuna aliyeutambua mkono wako isipokuwa mimi. Ile sentensi ya kiti na mto niliiweka kwa sababu nilijua Spika anapenda kuwachekesha wabunge. Ushauri unaochekesha hautupwi.

Nimejiambia kila siku tangu Machi kwamba nilifanya kwa ajili yako na Baba, msije mkatolewa kwenye nyumba. Ni kweli nililifikiria hilo. Lakini nikikaa nikaipitia asubuhi ile bila kujihurumia, nyumba yenu haikuja kwanza. Kwanza nilifikiria kwamba dada yangu ndiye aliyevujisha, na karani anayepitisha ni mimi, na Juni inakuja. Ilikuwa kitambo kidogo mno, pengine pumzi moja. Lakini ndiyo iliyotangulia.

Uliandika kuwa wabunge walicheka. Nilikuwa ukumbini. Nami nilitabasamu, kwa mazoea.

Sijui nimwambie nini yule seremala. Sijui nikuambie nini wewe.

Mdogo wako

* * *

Nyumba za Hospitali, Namba 6
19 Mei

Babu,

Barua yako nimeisoma mara moja na sijairudia. Wiki tatu sikuweza kukuandikia. Siku nyingine nilikuwa naipanga barua kichwani nikifunga vitovu vya watoto, na ilikuwa na maneno ambayo mama yetu angenipigia kofi, hivyo nikaona heri nikae kimya mpaka yaishe. Hayajaisha yote.

Linalonichoma si kwamba uliogopa. Mimi nimeogopa kila siku tangu niinakili ile karatasi. Ni kwamba hukuniuliza. Siku niliyompa Kengele ile kadi nilikuwa nimeshaongea na binamu yetu wa sokoni kuhusu vile vyumba viwili nyuma ya duka lake. Nilishapima kama kitanda cha Baba kinapita mlangoni. Kinapita. Nilishaondoka kwenye nyumba hii moyoni, na wewe ukaja ukanirudisha ndani ukafunga mlango, ukaenda zako ukiamini umeniokoa.

Na mimi nilimfanyia mwalimu vile vile. Sikumwuliza. Nilimwambia akae. Kwa hiyo sina pa kusimama nikunyooshee kidole, na hilo nalo linaniudhi.

Baba nimemwambia kwamba mwalimu amefariki. Jioni akasema kuna neno moja mwalimu alikuwa anamchokoza nalo, akalitamka vibaya kama alivyokuwa akilitamka yeye. Ya kwako sijamwambia. Sina nguvu ya mambo mawili.

Sasa sikiliza. Kengele alikuja nyumbani Jumapili, akakaa kwenye kiti cha plastiki jikoni. Nikamwambia, "Rudisha hoja."

Akasema, "Watanirudishia uamuzi ule ule."

Nikamwambia, "Safari hii kuna kifo kipya, na kuna uamuzi wa bomba la maji. Mwombe Spika autafute. Uko kwenye faili la kijani."

Akanitazama. "Wewe umejuaje habari za mafaili ya Bunge?"

Nikasema, "Nina ndugu huko."

Nimemwandikia maelezo ya kurasa mbili. Yana jina langu juu kabisa, cheo changu, na sahihi yangu chini. Sufuria nimelitaja. Koleo nimelitaja. Na nimetaja kwamba nilimshauri marehemu asiende mkoani. Ataleta taarifa wiki ya kwanza ya Juni. Itapita mezani kwenu.

Babu, usiniokoe.

Dada yako

* * *

Bungeni, Chumba cha Kumbukumbu
14 Juni

Dada,

Shikamoo, na Baba pia. Barua hii unaweza kumsomea yote.

Anwani imebadilika, utaona. Nitakueleza kwa mpangilio.

Siku moja kabla ya taarifa kuja nilikwenda kwa Mama Kanuni, nikafunga mlango. Nikamwambia kwamba aliyeandika ule ukurasa wa Machi ni dada yangu wa tumbo moja, kwamba niliujua mkono wake nikanyamaza, na kwamba lilikuwepo faili la kijani. Nikalitoa kwapani nikaliweka mbele yake.

Hakulifungua. Akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia Machi? Ningempa mwenzako aandike, ingekuwa kazi ya dakika moja."

Nikasema, "Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi?"

Nikatazama lile faili. Akasema, "Nilikuuliza mara mbili siku ile. Mara ya pili nilikuwa nakuomba." Akatazama dirishani. "Na mimi niliweka sahihi. Nilikuwa nimechoka, nilitaka uwe na hakika ili nisihitaji kuwa nayo mimi."

Akaniambia niandike maelezo yangu, nipeleke funguo, na nisiguse tena taarifa yoyote ya mbunge. Ushauri wa safari hii aliuandika mwenyewe. Jambo linakidhi.

Nilisimama mlangoni mwa ukumbi pamoja na wahudumu wa chai. Kengele aliomba, Spika akakubali, akasoma uamuzi wa bomba la maji bila kuchekesha mtu. Kisha akauliza wanaounga mkono. Waliinuka wa chama tawala na wa upinzani, viti vikawa vinagonga, Spika akafika arobaini akaacha kuhesabu. Wamejadili saa mbili na robo. Kengele alisoma maelezo yako yote, na jina lako na cheo chako. Alipofika kwenye sufuria la uji nilisikia feni zikizunguka. Waziri aliahidi mashine ndani ya wiki sita. Mbunge mmoja akauliza kwa nini jambo hili halikujadiliwa Machi. Spika akasema kwamba ushauri wa Machi ulikuwa na kasoro. Hakunitaja. Hakuhitaji.

Sasa kazi yangu ni kupanga majalada ya zamani ya kumbukumbu rasmi na kuyapeleka kufungwa upya. Hakuna anayeuliza ushauri wangu. Wifi yako amejua yote, nilimwambia kabla sijakwenda kwa Mkuu. Siku mbili hakuniongelesha, ya tatu akaniuliza kama nimekula.

Wewe wamekufanya nini?

Mdogo wako

* * *

Vyumba vya nyuma ya duka, sokoni
20 Julai

Babu,

Marahaba. Kitanda kimepita mlangoni, ila ilibidi tung'oe miguu.

Mashine ilifika tarehe nane. Wenzangu waliniita niione. Ni nyeupe, inang'aa, ina mlango wa duara, na daktari mkuu alipiga nayo picha. Mimi nimeondolewa wodini. Nilipewa barua ya kujieleza, nikajieleza, wakaona kunifukuza baada ya jina langu kusomwa Bungeni kungewaletea maneno, hivyo wamenipeleka kliniki ya chanjo ya ng'ambo ya mji, kujaza kadi, na nyumba yao wameichukua. Kutwa nzima ni watoto wanalia na kalamu inavuja. Tangu mashine ifike wamepasuliwa tisa, na hakuna hata mmoja aliyerudi na usaha. Nimemwomba muuguzi wa zamu aniambie kila Ijumaa. Najua hainihusu tena.

Lililonifanya niandike leo si hilo. Juzi yule seremala alikuja. Alikuwa anatafuta mkoba wa marehemu, wenye vitabu vya watoto, aliouacha kwetu, nasi tukahama nao kwa bahati mbaya. Nikaenda kuutafuta chumba cha ndani. Huku nyuma Baba akaanza; barua yako ya Juni sikuwahi kumsomea. Alimwambia kwamba mjadala ule wote aliusikiliza redioni mwanzo hadi mwisho, na kwamba ana mwana Bungeni, ndiye huwaandikia wakubwa wale maneno wanayosoma. Mimi nimesimama na mkoba mkononi nyuma ya pazia.

Seremala akasema kwa upole, "Basi ni mtu wa maana sana, Mzee. Aliandika uamuzi upi, ule wa Machi au wa Juni?"

Baba akasema, "Babu? Atakuwa ameandika yote mawili." Kisha akaniita. "Wewe, njoo utuambie. Babu aliandika upi?"

Nikatoka. Nikampa mkoba. Ningeweza kusema sijui. Nimesema sijui mara nyingi mwaka huu. Nikamwambia, "Wa Machi."

Akauweka mkoba sakafuni. Hakuinua sauti. Akaniuliza, "Ilimchukua muda gani kuuandika?"

Nikamwambia sijui, na hilo lilikuwa kweli. Akasema, "Ningependa kujua." Akabeba mkoba wake akaenda. Baba alikuwa amegeuza uso upande wa dirisha. Hadi sasa hajaniuliza lolote, na redio hajaiwasha.

Mtu yule hakudai kingine chochote, Babu. Niandikie nimpelekee jibu.

Dada yako

* * *

Bungeni, Chumba cha Kumbukumbu
29 Julai

Dada,

Shikamoo.

Dakika ishirini na tano. Nilitazama saa ya ukutani nilipoanza na nilipomaliza, kwa sababu nilikuwa nataka kuwahi chai.

Usimpelekee. Nimeomba ruhusa ya siku nne, nimekata tiketi ya basi la Alhamisi. Nitapita kwanza kwa Baba, nikae karibu naye, nimwambie mimi mwenyewe kuanzia asubuhi ile. Kisha unionyeshe tu nyumba ya seremala. Mlangoni nitabisha hodi peke yangu.

Mdogo wako